Nimekosa, Tumekosa: Stara na Maungamo Katika Uamsho wa Afrika Mashariki

Mwishoni mwa Desemba 1933, katika kituo cha misheni cha Gahini, mashariki ya Rwanda, Wakristo waliokuwa wamekutana kwa siku kadhaa za mafundisho na maombi walikuwa wakikaribia kuagana. Mtu mmoja, Mnyarwanda, akasimama akaanza kutaja kosa alilolitenda. Hakuomba kwa niaba ya waliokuwapo, wala hakusoma sala iliyoandikwa. Alisema alichokifanya yeye. Alipokwisha akasimama mwingine, kisha mwingine, na kwa zaidi ya saa mbili mkutano haukuweza kufungwa, kwa kuwa nyakati nyingine watu wawili au watatu walikuwa wamesimama kwa pamoja, kila mmoja akingoja mwenzake amalize ili naye aseme.

Tukio hilo linahesabiwa miongoni mwa mianzo ya vuguvugu lililokuja kuitwa Uamsho wa Afrika Mashariki, ambalo katika muda usiozidi miaka kumi lilienea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, likavuka mipaka ya makabila, ya madhehebu na ya himaya mbili za kikoloni. Historia yake imeandikwa sana, na kwa kawaida imeandikwa kama historia ya kanisa. Mhadhara huu unaitazama kama historia ya usemi. Unauliza ilikuwaje mtu mzima, mwenye heshima zake, akaweza kusimama mbele ya jirani, mwajiri na wakwe zake na kutamka kitenzi cha kosa katika nafsi ya kwanza umoja, kikiwa na yambwa yake: nimeiba kitu fulani, nimemchukia mtu fulani. Hoja yake ni kwamba ugunduzi mkubwa wa Uamsho ulikuwa kiambishi kile cha nafsi, na kwamba udhaifu wake mkubwa ulitokana na kiambishi hicho hicho.

Maneno yaliyokuwapo

Msamiati wa dhambi ulikuwapo katika Kiswahili muda mrefu kabla ya Biblia. Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, na Edward Steere alipoanza kazi ya kutafsiri kule Unguja miaka ishirini baadaye, walikuta lugha iliyokwisha kuzoea kuzungumza juu ya dhambi, toba, rehema, neema na msamaha. Yote hayo ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na waliokuwa wakiyatumia ni Waislamu. Wamisionari waliyaazima kama mtu anavyoazima chombo cha jirani, nacho chombo kilikuja na harufu ya chakula kilichokuwa kikipikwa ndani yake.

Harufu hiyo ni stara. Katika maadili ya Waswahili wa pwani, toba ni jambo baina ya mja na Mola wake. Mafundisho ya Kiislamu humkataza mtu kutangaza dhambi ambayo Mungu amemsitiria. Kuitangaza ni kulivua vazi alilovikwa kwa huruma, na tena ni kuwafundisha wengine ubaya. Heshima ya mtu si mali yake peke yake, ni ya nyumba nzima, na anayejifedhehesha huwafedhehesha wazazi na watoto wake. Methali isemayo kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha inaeleza jambo hilo kwa ukamilifu. Mwosha anaijua aibu, wala hakatai kwamba ipo, lakini kazi yake ni kuiosha na kuifunika. Huu si unafiki, kama baadhi ya wamisionari walivyodhani kwa haraka. Ni nadharia kamili ya namna watu wanavyoweza kuishi pamoja wakijua wanayoyajua.

Hata hivyo lugha haina sauti moja. Waswahili hao hao husema kwamba mficha uchi hazai, na kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Kuna stara inayoponya na stara inayoua, na Kiswahili kilizijua zote mbili kabla hajaja mhubiri yeyote wa kuzitofautisha.

Watafsiri hawakukubaliana juu ya neno la kutumia. Biblia ya Steere, iliyokamilishwa na wenzake baada ya kifo chake na kutolewa mwaka 1891, ilibaki na dhambi. Mjerumani Karl Roehl, aliyetoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937, alikusudia kupunguza maneno ya Kiarabu na kuyainua ya Kibantu, na mahali pa dhambi aliweka kosa, mwenye dhambi akawa mkosaji. Uamuzi wake umedhihakiwa mara nyingi, na ni kweli kwamba kosa ni neno jepesi mno. Mwanafunzi hukosa hesabu, mpiga mpira hukosa goli, mtoto hukosa karo. Lakini ndani ya wepesi huo mna jambo la kuzingatiwa. Neno la Kiyunani hamartia, ambalo ndilo lililokuwa likitafsiriwa, nalo lilianza kama neno la mpiga mshale aliyekosa shabaha. Roehl, ama kwa kujua ama kwa bahati, alilirudisha neno mahali pake pa zamani. Tafsiri ya Muungano, ambayo Biblia yake kamili ilitoka mwaka 1952, ilirejea kwenye dhambi, na hapo mjadala ukaisha kwa watu wengi. Ibada na hotuba za Kiswahili leo zinatumia maneno yote mawili, na msemaji hodari hujua lipi zito na lipi jepesi.

Jambo la pili lililokuwapo ni mpangilio wa kusema. Katika makanisa ya Kianglikana, watu waliungama kwa sauti moja, wakifuata kitabu cha sala, katika nafsi ya kwanza wingi. Maungamo hayo yalikuwa ya kweli na ya jumla: yalimgusa kila mtu bila kumtaja yeyote. Katika misheni za Kikatoliki, kuanzia Bagamoyo ambako Mapadri wa Roho Mtakatifu waliweka kituo mwaka 1868, mwamini aliungama katika nafsi ya umoja na kwa kutaja dhambi moja moja, lakini sikioni mwa padri aliyefungwa na siri ya kitubio. Kwa namna mbili tofauti, desturi hizo zote zilikuwa zimekubaliana na stara. Penye hadhara palikuwa na wingi. Penye umoja palikuwa na siri. Waliosimama Gahini mwaka 1933 walivunja mapatano hayo, kwani waliuleta umoja hadharani.

Kampala hadi Gahini

Namna walivyofika hapo imesimuliwa mara nyingi. Misheni ya Ruanda, tawi la Church Missionary Society, ilikuwa na hospitali Gahini. Daktari Joe Church, Mwingereza kijana, alifika huko mwaka 1928, akakutwa na njaa kali iliyoiangamiza mashariki ya Rwanda mwaka huo na uliofuata. Mnamo Septemba 1929, akiwa amechoka na kuishiwa nguvu, alikwenda Kampala kupumzika. Huko, penye kilima cha Namirembe, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda wa familia ya wenye ardhi, aliyemwambia kwamba kanisa la Uganda lina upungufu fulani. Siku mbili walikaa pamoja na Biblia zao. Kwa wakati ule, Mzungu na Mwafrika kusoma pamoja kama watu wanaotafuta kitu kimoja lilikuwa jambo la kustaajabisha kuliko lolote walilolipata humo kitabuni.

Ndugu mdogo wa Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha. Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu wa hospitali, alikuwa mtu mwenye manung'uniko, akitaka kuondoka. Alipotoka Kampala kuzungumza na Nsibambi, alirudi akiwa mtu mwingine. Kigozi alifariki Januari 1936, akiwa bado kijana, siku chache kabla ya sinodi ya Kanisa la Uganda alikokusudia kulitaka kanisa liamke. Kifo chake kilifanya kazi ambayo pengine maisha yake yasingeifanya, kwa kuwa mwito wake ulibebwa na kanisa zima la Uganda. Mwaka 1937 kundi la wahubiri lilifika Kabete, nchini Kenya. Kabla ya miaka ya 1930 kwisha, Uamsho ulikuwa umeingia Bukoba, magharibi ya Ziwa, miongoni mwa Waanglikana na Walutheri.

Jina walilopewa lilitoka Buganda: balokole, yaani waliookoka. Lilikuwa jina la kejeli, nao wakalikubali. Kiswahili kilichukua neno hilo, kikaliingiza katika ngeli ya watu bila taabu, mlokole na walokole, na baadaye kikalitolea nomino ya dhahania, ulokole.

Kitenzi cha Kiswahili kinachosimama nyuma yake kinafaa kuangaliwa kwa makini. Kutokana na okoa lugha hii huunda okolewa na okoka. La kwanza, katika kauli ya kutendwa, hudai mtenda: mtu ameokolewa na fulani. La pili, katika kauli ya kutendeka, huonyesha hali iliyomfika mtu na kunyamaza juu ya aliyeisababisha. Aliyeruka kutoka kwenye mtumbwi unaozama naye ameokoka. Walokole, ambao mahubiri yao yote yalikuwa juu ya mtenda mmoja tu, walichagua umbo lisilomtaja. Wakaliambatanisha na kiambishi cha hali timilifu, wakasema nimeokoka. Kisarufi, jambo limekwisha na matokeo yake yapo. Wapinzani wao hawakukosea walipoisikia hapo sauti ya majivuno: nani awezaye kusema jambo hilo limekwisha?

Jibu la walokole halikutolewa kwa hoja. Lilitolewa kwa desturi. Ushuhuda uliotakiwa katika mikutano yao haukuwa wa siku ile mtu alipookoka tu; ulitakiwa pia wa juma hili. Aliyesimama kusimulia wokovu wa miaka kumi iliyopita bila kutaja alivyomjibu mkewe jana usiku alionekana amepoa. Hivyo nimeokoka ya mwanzo ilifuatwa mara kwa mara na nimekosa ya leo, na tafsiri ya ile ya kwanza ikategemea ya pili. Hapa ndipo Uamsho ulipotofautiana na mafundisho ya ushindi juu ya dhambi yaliyokuwa yamewalea wamisionari wengi wake, yale ya mikutano ya Keswick, Uingereza, iliyoanza mwaka 1875. Mafundisho hayo yalimweka mwamini juu ya mlima. Walokole walijifunza kukaa chini yake, penye msalaba, na walipokwenda Ulaya mwaka 1947, Kinuka na William Nagenda miongoni mwao, hilo ndilo lililowagutusha wenyeji. Kitabu cha Roy Hession, The Calvary Road, kilichotoka mwaka 1950 na kusomwa katika nchi nyingi, ni tunda la somo lililotoka Afrika kwenda Ulaya.

Waliuita mwenendo huo kutembea nuruni, usemi uliotokana na waraka wa kwanza wa Yohana. Kuwekana nuruni ilikuwa kuambiana kosa uso kwa uso, kabla jua halijachwa ikiwezekana. Neno jingine lililowasumbua ni kuvunjika. Walikusudia kuvunjika kwa kiburi, lakini katika Kiswahili cha kila siku aliyevunjika moyo ni aliyekata tamaa, na msikilizaji mgeni aliyeambiwa kwamba ni vyema kuvunjika moyo alikuwa na haki ya kushangaa. Lugha ilikuwa na neno moja kwa majeraha mawili.

Na kuungama hakukuishia mdomoni. Vitu vilirudishwa: mali ya hospitali, ya misheni, ya jirani. Mtu alipoungama wizi aliulizwa kitu kiko wapi. Jambo hili ndilo lililowapa walokole sifa njema hata kwa wasiowapenda, na waajiri wengi walitaka kuwa na mlokole ghalani. Wazungu nao waliungama. Mmisionari aliyekiri mbele ya wasaidizi wake Waafrika kwamba amewadharau alitamka, katika koloni la miaka ya 1930, sentensi ambayo hakuna sheria iliyoijengea mahali. Isikuzwe mno, kwa kuwa mishahara na nyumba zilibaki zilivyokuwa. Lakini walioisikia hawakuisahau.

Aibu ya nani?

Tatizo la kwanza lilijitokeza mapema. Dhambi nyingi haziko katika nafsi ya kwanza umoja. Anayeungama uzinzi anaungama na mwenzake, hata asipomtaja. Katika kijiji, kutomtaja ni adabu tu, kila mtu anamjua. Mwanamke aliyesimama mbele ya mkutano kusema hayo alimvika mumewe aibu, akampa mume wa mtu mwingine fedheha, na kuwaachia wazee wa koo mbili shauri ambalo kwa desturi lingemalizwa ndani ya nyumba, kwa mbuzi au kwa ng'ombe, bila mtoto yeyote kulisikia. Mwanahistoria Derek Peterson, katika kitabu chake cha mwaka 2012 juu ya Uamsho na uzalendo wa kikabila, ameonyesha jinsi jambo hili lilivyowakasirisha viongozi wa Kiafrika waliokuwa wakijitahidi, katika miaka hiyo hiyo, kujenga heshima ya makabila yao mbele ya serikali za kikoloni. Walikuwa wakiandika historia, sheria na kanuni za ndoa ili kuonyesha kwamba watu wao wana nidhamu. Walokole walisimama sokoni kutangaza kinyume chake. Malalamiko yao yasichukuliwe kuwa ya wanafiki waliofichuliwa. Walikuwa wakisema, kwa maneno mengine, kile ambacho methali ya mwosha inasema.

Miongoni mwa walokole wenyewe iliingia busara. Viongozi walikuja kushauri kwamba dhambi iungamwe mbele ya wale iliowagusa, na mengine yaishie katika kikundi kidogo cha ndugu waaminifu. Stara ilikuwa imerudi kwa mlango wa nyuma, na hakuna sababu ya kuisikitikia. Josiah Kibira wa Bukoba, aliyekuja kuwa askofu wa Kilutheri na, kuanzia mwaka 1977 hadi 1984, rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, alilitazama jambo hilo kwa macho ya mtu wa ndani. Kwake, waliookoka walikuwa wamekuwa ukoo. Neno ndugu, ambalo walokole wote waliitana, lilikuwa la kweli kijamii: liliunda nyumba mpya ambayo ndani yake mtu aliweza kuvua alichokuwa nacho, kwa kuwa waliomo nao walikuwa wamevua.

Lakini ukoo mpya nao una wazee wake. Aliyekuwa na madaraka ya kuamua kama ungamo la mwenzake limefika moyoni alikuwa na madaraka makubwa kuliko padri, kwa kuwa hakufungwa na siri. Mwaka 1941, katika Chuo cha Askofu Tucker, Mukono, wanafunzi wa kundi la Uamsho waliamka usiku kuomba na kuhubiri, wakiwakemea wenzao na walimu wao kwa wizi, ulegevu na mafundisho yaliyopunguza uzito wa dhambi. Mkuu wa chuo aliwakataza, hawakukubali. Mwezi Oktoba wanafunzi 26 walifukuzwa, Nagenda akiwa mmoja wao. Wafuasi wa Uamsho wanaikumbuka Mukono kama mateso. Aliyekuwa mwanafunzi wa kawaida pale, akiamshwa alfajiri kuambiwa dhambi zake na mtu wa umri wake, huenda aliikumbuka kwa namna nyingine. Kitenzi kilikuwa kimebadilika nafsi bila mtu kutambua: nimekosa kikawa umekosa.

Kukiri mbele ya dola

Nchini Kenya, baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, lugha ya kuungama ilipata mabwana wengine. Walokole wa Kikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wakisema wamekwisha kunywa damu nyingine. Wengi wao walikataa pia kuchukua silaha za serikali. Baadhi waliuawa. Ulikuwa msimamo wa watu waliozoea kusema wazi, na ambao kwa hiyo hawakuwa na pa kujificha pande zote mbili.

Wakati huo huo serikali ya kikoloni ilianza kudai maungamo. Katika makambi ya kizuizini, mtu aliyekubali kula kiapo kwake na kukieleza alihamishwa hatua kwa hatua kuelekea nyumbani. Aliyenyamaza alirudishwa nyuma, na wengi walipigwa. Ziliandaliwa hata sherehe za kutakaswa kiapo. Umbo la nje lilifanana mno na la mikutano ya walokole: mtu amesimama, anataja alichotenda, anahesabiwa kuwa mpya. Tofauti ilikuwa katika kitenzi. Kuungama ni kwa hiari, na yambwa yake huwa mzigo wa mwenye kusema. Kukiri, neno lenye asili ya Kiarabu na historia ndefu katika mahakama, ni kukubali dai la mwingine. Mwenye kukiri hujibu. Mwenye kuungama huanza. Kamusi nyingi huyaeleza maneno hayo mawili kama visawe, na katika sentensi nyingi ndivyo yalivyo, ila si katika kambi ya kizuizini.

Uganda ilitoa mfano wa upande mwingine. Askofu mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 katika Uamsho ulipofika Acholi, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin mnamo Februari 1977. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, mlokole aliyewahi kufundisha shule Dodoma katika miaka ya 1940, alikimbia nchi kwa miguu kupitia milima ya mpakani. Mwaka huo huo alitoa kitabu kidogo kiitwacho I Love Idi Amin, ambacho jina lake limewaudhi wengi. Ndani yake anaeleza kwamba, akiwa uhamishoni, aligundua moyo wake umekuwa mgumu kwa chuki, na kwamba ibada ya Ijumaa Kuu jijini London ilimlazimu kuiungama. Aliyetendewa anaungama, mtenda yuko ikulu. Wapo waliosoma hapo udhaifu, hata usaliti. Lakini Kivengere hakusema kwamba Amin hana hatia, wala hakuacha kumshutumu hadharani. Alikataa tu kuiacha hatia ya mwingine imfiche yake.

Wingi uliosahauliwa

Swali gumu zaidi limebaki Rwanda. Gahini ni Rwanda. Nchi hii, ambayo Uamsho ulianzia, ndiyo iliyoshuhudia mwaka 1994 mauaji ya kimbari ambamo watu mamia ya maelfu, wengi wao Watutsi, waliuawa katika siku mia moja, mara nyingi na majirani waliobatizwa kama wao, mara nyingine ndani ya makanisa. Inafaa kusemwa kwamba walokole walikuwako upande wa waliokataa. Katika machafuko ya mwaka 1959 na baada yake wapo waliowaficha wenzao bila kujali kabila, na mchungaji Yona Kanamuzeyi wa Nyamata, aliyewahudumia wakimbizi wa Kitutsi, aliuawa na askari Januari 1964. Mwaka 1994 pia walikuwako wa namna yake. Hawakutosha kuigeuza nchi, na viongozi wa makanisa, Waanglikana wakiwamo, walikuwa wamekaa karibu mno na utawala.

Maelezo yake ni mengi, na ya kisiasa na ya kiuchumi ndiyo yenye uzito. Lakini mwanafunzi wa lugha anaona moja zaidi. Uamsho uliifundisha Rwanda kuungama wizi, uongo, hasira, uzinzi, hata dharau kwa mtu wa kabila jingine, mradi vyote hivyo viwe na mtenda mmoja. Haukuifundisha kuungama mfumo. Kitambulisho chenye kabila, ambacho utawala wa Wabelgiji ulikianzisha katika miaka ya 1930, miaka ile ile ya Gahini, hakikuwa dhambi ya mtu yeyote. Nafasi za shule zilizogawanywa kwa kabila, kwanza kwa faida ya hawa na baadaye ya wale, hazikuwa na nafsi ya kuungamwa. Wingi ulikuwapo, katika kitabu cha sala, ambacho walokole walikuwa wamekiona kuwa baridi.

Mnamo Desemba 1996 Wanyarwanda Wakristo, Wahutu na Watutsi, pamoja na Wazungu kadhaa, walikutana Detmold, Ujerumani, wakatoa maungamo ya kundi kwa kundi: Wahutu waliomba radhi kama Wahutu, Watutsi kama Watutsi, Wazungu kama Wazungu. Yalipingwa mara moja. Wapo waliouliza kwa haki gani mtu ambaye hakuua anaungama kuua, na kama kusema tumekosa hakuwapi waliokosa kweli kichaka cha kujificha. Pingamizi hilo lilikuwa la kilokole kabisa, hata lilipotolewa na wasio walokole.

Agosti ya mwaka huo huo, sheria ya Rwanda ilikuwa imeweka utaratibu wa kukiri uliopunguza adhabu, na mahakama za gacaca, zilizofunga kazi yake Juni 2012, ziliuendeleza katika kila kilima. Sheria ilitaka umoja: nani, wapi, kwa silaha gani. Ilitaka pia kitu ambacho walokole, baada ya makosa yao ya mwanzo, walikuwa wamejifunza kukiacha. Mwenye kukiri alitakiwa awataje aliokuwa nao. Wajane walioketi nyasini kusikiliza walitaka zaidi jambo jingine, ambalo hakuna kiambishi kinacholibeba: aliko marehemu, ili aoshwe na kuzikwa.